Mafundi wawili, bastola moja ya 1911: uzoefu wangu hapa Ohio

Bastola hii ninayo miezi kumi na minne sasa, na imeshapiga risasi zaidi ya elfu tatu mkononi mwangu, kwa hiyo nina cha kusema. Wenzangu wa klabu ya shabaha hapa Columbus huniuliza niliitengenezesha wapi, na nikishawajibu wanauliza la pili: ulimjuaje huyo fundi? Hilo la pili ndilo gumu, maana nilimpata baada ya kuumia kwa mwingine.

Kulenga nilianzia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mafinga, kwa bunduki ya SMG, zamani hizo. Huku Marekani nikaupenda mchezo mmoja wa bastola wa kizamani sana: unasimama wima, mkono mmoja umeunyoosha na bastola, mwingine umeutia mfukoni. Mashindano kamili ni risasi 270. Tisini ni za bastola ndogo ya .22 (namba hii ni upana wa risasi kwa inchi), tisini za bastola ya risasi zinazogongwa katikati ya kitako (centerfire), na tisini za .45. Alama za juu kabisa ni 2700. Kuna raundi ya taratibu kwenye yadi 50, kisha unasogea yadi 25 na kupiga risasi tano kwa sekunde ishirini, halafu tano kwa sekunde kumi. Pale yadi 50 duara la alama kumi lina upana wa kama inchi 3.36, yaani sentimita nane na nusu. Mkono wenyewe unatetemeka, kwa hiyo bastola haitakiwi kukuongezea kosa lake juu ya lako.

Kwa .45 wengi tunatumia 1911, ile aliyoibuni John Browning. Jeshi la Marekani liliichukua mwaka huo wa 1911 na likakaa nayo hadi 1985, ilipoingia bastola ya Beretta. Kwa sababu imetengenezwa na viwanda vingi kwa zaidi ya miaka mia, vipuri vyake vimejaa sokoni, na hapo ndipo nilipojidanganya. Niliamini ukinunua fremu nzuri (kiunzi chenye mpini), slaidi nzuri (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga) na mtutu mzuri, umeshapata bastola nzuri na kilichobaki ni kuunganisha. Sivyo. Vyote vinaitwa vya 1911, lakini kila kiwanda kina vipimo vyake, na hivyo vipuri havijawahi kuonana. Anayevikutanisha ni fundi kwa mkono wake, na kazi hiyo ya mkono ndiyo unayoilipia hasa.

Kwa sheria ya hapa, fremu ndiyo silaha yenyewe. Ndiyo yenye namba, na tangu sheria ya mwaka 1968 ndiyo inayopitia kwa muuzaji mwenye leseni. Nilijaza fomu 4473, ile ya serikali kwa anayenunua silaha, nikachunguzwa, nikakabidhiwa. Slaidi, mtutu, springi, nyundo na vidude vingine vilikuja nyumbani kwenye boksi kama viatu.

Fundi wa kwanza simtaji. Nilimchagua kwa kuwa alikuwa dakika ishirini kutoka nyumbani na bei yake ilikuwa chini. Alipokea boksi langu, akamwaga vipuri mezani, akavigeuzageuza, akasema, "Wiki tatu." Hakuniuliza nitapiga risasi gani wala nitaitumia kwa nini. Hakuandika namba ya fremu popote mbele yangu, na hapo ningepaswa kushtuka, maana fundi anayelaza silaha ya mtu dukani kwake anatakiwa kuiingiza kwenye daftari. Nilikuwa na hamu ya bastola, nikaondoka.

Baada ya wiki tano nikaichukua. Ilikuwa inang'aa, na slaidi ilikaza vizuri ukiivuta. Nilifurahi kama mtoto wa Idd.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mashindano ya klabu. Kabla ya kuanza, mwamuzi hupima vifyatulio. Kwa .45 kifyatulio hakitakiwi kuachia chini ya ratili 3.5, kama kilo moja na gramu mia sita. Bastola inakaguliwa kuwa ni tupu, nyundo inavutwa nyuma, mtutu unaelekezwa juu, kisha ndoano ya uzito inakaa kwenye kifyatulio na unainyanyua polepole kutoka mezani. Nikanyanyua. Uzito haukuacha hata meza vizuri, nyundo ikalia tap. Mwamuzi akaniambia nirudie. Tap. Akanitazama kwa upole, akasema hiyo siwezi kuingia nayo mstarini. Sikuhuzunikia mashindano. Kilichonitisha ni kwamba wiki nzima nilikuwa nimeishika bastola yenye risasi ambayo nyundo yake ilikuwa imeegemea unywele. Nilikuwa nimeomba kifyatulio laini, ni kweli, lakini fundi anayejua kazi angenikatalia.

Nikairudisha, akakifanya kizito. Mwezi uliofuata nikaruhusiwa kupiga, na kwenye raundi ya sekunde kumi ikakwama kwenye risasi ya pili. Sheria inakuruhusu kurudia mara moja ikikwama. Nikarudia, ikakwama tena. Mimi hupiga risasi zenye kichwa bapa cha uzito wa greni 185, kama gramu 12, kwa sababu zinatoboa karatasi tundu safi na hazirudishi mkono sana. Yeye aliijaribu kwa risasi za kawaida za kichwa cha mviringo, kama aliijaribu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniuliza, akajibu kwamba mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Sikurudi tena.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, ambaye amecheza mchezo huu muda mrefu kuniliko, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, wewe ulipeleka kitenge kwa fundi, akakushonea gauni bila kukupima." Akanieleza anavyofanya yeye. Kila mwaka huenda Camp Perry, kule ufukoni mwa Ziwa Erie, ambako mashindano ya taifa yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Anatembea nyuma ya mstari, anatazama bastola ambazo hazikwami mchana kutwa, halafu anawauliza wenyewe kwa adabu nani aliyezitengeneza. Alikuwa na majina matatu. Nikayapigia simu yote.

Wa kwanza alisema foleni yake ni miaka miwili. Wa pili hakubali vipuri vya mteja, anajenga kwa vyake tu, na baada ya yaliyonipata nilimwelewa. Wa tatu ni mzee wa kaskazini-magharibi mwa Ohio, aliyekuwa fundi silaha jeshini. Badala ya kunipa bei, alianza kuuliza. Unapiga risasi gani, kichwa cha uzito gani? Unanunua au unapakia mwenyewe? Utatumia vilengeo vya chuma au kioo cha nukta nyekundu? Kama ni kioo, kitakaa juu ya slaidi au kwenye fremu? Mkono wako mdogo au mkubwa? Unataka kupigia karatasi tu, au unataka pia ya kulala nayo nyumbani? Hapo nikasema karatasi tu, akajibu, "Vizuri, maana mbili kwa pamoja sitengenezi." Tukamaliza dakika arobaini kwenye simu na bei hajataja.

Nilipofika dukani kwake, leseni ilikuwa ukutani mahali pa kuonekana. Kabla ya kugusa chochote alifungua daftari, akaandika namba ya fremu, jina langu na tarehe. Ukutani kulikuwa na karatasi za majaribio, kila moja na kundi la matundu, na chini yake imeandikwa risasi iliyotumika. Akaifungua bastola yangu kwenye kitambaa, akachukua mtutu, akauinua dirishani. Alikaa kimya kidogo, akapitisha ukucha pembeni, akanipa nami nipitishe. Palikuwa na mikwaruzo ya tupa, imekwenda upande. Akasema, "Mtutu huu ulikuwa mzuri. Lakini chuma kikishaondoka hakirudi." Ulikuwa umenigharimu zaidi ya dola mia mbili.

Akaukataa huo mtutu, akakataa na nyundo pamoja na kile kijino kinachoishikilia. Fremu na slaidi akazikubali. Akaniambia ninunue mtutu wa Kart, ambao watu wa mchezo huu wanaufahamu sana kwa sababu unakuja na chuma cha ziada ili fundi aukate ulingane na slaidi yako. Kwa mtu anayetaka kuchomeka tu kazi iishe, haufai.

Bei: kazi yake dola 1,450, na vipuri vipya kama dola 400 juu ya vile nilivyokuwa navyo. Ukijumlisha na nilichopoteza kwa yule wa kwanza, ningeweza kununua bastola kamili ya mashindano kutoka kiwandani nikabakiza chenji. Nalisema hili kwa uwazi kwa sababu wengi huanza kukusanya vipuri wakidhani wanaokoa pesa. Rahisi huvunja upishi.

Kuna mambo yake sikuyapenda. Simu hapokei, na barua pepe hajibu. Aliahidi miezi mitano, ikawa saba, na katika hiyo saba alinipigia mara moja tu, kuniuliza kama nimebadilisha risasi. Kazi yake haina urembo wowote: rangi nyeusi tupu, hakuna nakshi, hakuna mpini wa mbao za kuvutia. Ukitaka bastola ya kuweka kwenye kabati la kioo, usiende kwake.

Siku ya kuichukua nilifika saa nne asubuhi. Kwanza akaniwekea karatasi mezani: risasi kumi, yadi 50, bastola ikiwa imefungwa kwenye mashine ili mkono wa mtu usihusike. Matundu yote kumi yalikusanyika ndani ya upana wa chini ya inchi mbili, na pembeni ameandika greni 185, kiasi cha baruti, na tarehe. Kisha akaitoa bastola, tukahakikisha wote wawili kuwa ni tupu, akaniambia niweke kidole gumba juu ya mtutu pale unapoonekana kwenye dirisha la slaidi, nibonyeze kwa nguvu. Nikabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Haukucheza hata kidogo. Ile ya zamani ilikuwa inaitika kama jino la mtoto, na mimi sikujua kwamba ni kasoro. Akafungua slaidi na kuifunga polepole. Sauti ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, haikuwa na mahali pa kukwaruza.

Akaleta na uzito wa mwamuzi, ule ule wa ratili 3.5. Tukanyanyua mara tano, nyundo haikusogea. Kisha akanipeleka kwenye uwanja wake nyuma ya duka na boksi la risasi hamsini za kichwa bapa. Hundi yangu hakuipokea mpaka ya hamsini ilipotoka.

Tangu wakati huo imekwama mara moja, na kosa likawa la magazini iliyoanguka kwenye zege mdomo ukapinda. Kwenye yadi 50 nilikuwa nikipata 78 au 79 kwa risasi kumi. Sasa nacheza kwenye 87, 88. Sehemu ni mazoezi, siwezi kumpa yeye sifa zote. Lakini zamani risasi ikienda kwenye saba nilikuwa najiuliza ni mimi au ni chuma. Siku hizi najua ni mimi, na ninajua kosa la kurekebisha.

Ndugu zangu wa Dar na Tanga mnaoniandikia kuuliza kama naweza kuwasaidia vipuri: hapana, na msijaribu. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na hayo, na kuvitoa vipuri hivi Marekani nako kuna sheria zake. Mwenye kibali halali aanzie polisi na kwa muuzaji aliyesajiliwa hukohuko.

Mimi mwezi ujao naipeleka ikabadilishwe springi na kukaguliwa, maana aliniambia nirudi ikifika risasi elfu tatu. Nimempigia mara mbili, hajapokea. Nitaendesha tu Jumamosi, najua anafungua saa tatu.