Printa ya DTF iliyokarabatiwa: ipi ununue Unguja na Pemba

Fulana nyeusi haitoi picha kali bila wino mweupe chini ya rangi, na wino huo ndio unaoua printa za DTF, zile zinazochapa picha kwenye filamu kisha ikahamishiwa kwenye nguo kwa joto. Weupe wake ni titani dioksaidi, chembe nzito zinazotuama kwenye chupa na mirija zisipokorogwa, kisha zikaziba kichwa cha kuchapia. Kwetu kazi nyingi za fulana zinafuata wageni; masika yakiingia mashine inakaa. Kwa hiyo nazipanga kwa swali moja: ipi itastahimili kukaa?

Ya kwanza ni mashine ya roli ya sentimita 30 yenye vichwa viwili vya Epson XP600. Imeundwa kwa DTF tangu kiwandani, na nyingi zina kikorogeo na pampu ya kuzungusha wino mweupe. Kichwa kikifa, bei yake ni ndogo kuliko ya i3200, kichwa kingine cha Epson. Pampu inahitaji umeme, basi ukifunga duka usichomoe waya ukutani.

Ya pili ni Epson L1800 iliyogeuzwa kuwa ya DTF. Hii asili yake ni printa ya picha ya A3. Inamfaa anayeanza na jezi za timu ya mtaa au fulana za skuli, mradi achape kila siku. Usiichukue kama haijaongezewa kikorogeo, hata bei ikivutia.

Ya sentimita 60 yenye i3200 ni nzuri na ina kasi, ila bila oda za kudumu za mahoteli itakulia mtaji. Epson L805 ya A4, nayo ya kugeuzwa, naiweka mwisho: upana wa sentimita 21 hautoshi mgongo wa mtu mzima.

Neno “imekarabatiwa” peke yake halina maana. Uliza kilichobadilishwa: kichwa, dampa (kichujio kidogo cha wino kabla ya kichwa), pampu, kofia inayofunika kichwa kisikauke? Kisha chapa karatasi ya kupima matundu ya kichwa, subiri saa nzima bila kusafisha, uchape tena. Mistari ikikatika mara ya pili, hewa inaingia mahali na tatizo halijaondoka. Muuzaji asiyekubali kusubiri, muache. Fungua pia kifuniko utazame reli na viunganishi vya waya, maana chumvi ya bahari inakula chuma. Mashine ya Marekani inaweza kuwa ya volti 110, na yetu ni 230.

Bajeti isiishie kwenye printa. Kuna filamu, unga wa gundi, pahala pa kuuyeyusha na hiti presi. Unga ufunikwe vizuri. Ukivuta unyevu unagandana na kushika hata pasipo na wino.

Kwa aliye Pemba, nunua dampa na kofia za akiba siku hiyo hiyo. Kifaa kikisubiriwa kivuke na boti kutoka Unguja, wino haukungoji.