Sur's Ocean: uhariri unaowafaa wasomaji wa tenzi

Kwa sisi wa Lindi, mji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Majimaji, kitabu hiki kinafaa kutafutwa, ijapokuwa mashairi yake, ya Surdas (au Sur), ni ya Kibraj, Kihindi cha zamani cha upande wa Mathura, India, na yanamsifu Krishna, mungu wa Wahindu. Kilitolewa mwaka 2015 na Harvard University Press katika mfululizo wa Murty Classical Library of India. Kenneth Bryant alihariri matini, na John Stratton Hawley akayafasiri mashairi kwa Kiingereza.

Utungo wa Surdas, mshairi wa karne ya 16, hutaja jina lake mwishoni, kama beti za tamati za tenzi zetu zinavyomtaja mtunzi. Waimbaji waliomfuata walitunga na kulitia jina hilohilo, na diwani ikazidi kunenepa hata toleo la Nagari Pracharini Sabha, chama cha kukuza Kihindi, likakaribia mashairi 5,000. Bryant amebakiza 433 tu. Hakuyateua kwa utamu wala kwa umaarufu, bali kwa ushahidi wa miswada kwamba yalikuwa yakijulikana katika karne ya 16. Ule wa Fatehpur, Rajasthan, ulionakiliwa mwaka 1582, peke yake una tungo 239 za Sur. Uamuzi huo unahitaji moyo, kwani mhariri anawaondolea waumini nyimbo walizozizoea tangu utotoni, na kwa maoni yangu ameutenda kwa adabu: hasemi kwamba yote 433 yametoka kinywani mwa mtu mmoja.

Matini ya Devanagari iko ukurasa wa kushoto na tafsiri iko kulia, hivyo hata asiyejua hati hiyo anaona mahali kiitikio kinapoanzia. Nilivutiwa zaidi na tungo za nyuki, ambamo Uddhav, mjumbe wa Krishna, anawaletea wanawake wa Braj mawaidha ya yoga, nao, kwa uchungu wa kuachwa na Krishna, wanamjibu, wakimwita nyuki, kwa maneno makali yanayomkosesha la kusema.

Upungufu wake ni kwamba ufafanuzi mpana wa Hawley umo katika kitabu kingine, kilichotoka mwaka 2016. Msomaji anayetaka kujua jinsi mashairi haya yalivyofikiriwa na kufasiriwa, na hasa mwalimu anayefundisha uhakiki wa miswada, hana budi kuvipata vyote viwili.