Mizigo ya safari ndefu kwa baiskeli: anza na keria

Wengi huanza kwa kuchagua begi. Anza na keria. Begi likichanika utalishona kando ya barabara, lakini keria ikikatika huna pa kuweka mzigo.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa keria ya nyuma ya chuma na mabegi mawili ya pembeni. Keria nyingi za alumini hubeba kama kilo 25. Ya chuma kama Tubus Cargo hufika 40, tena ikivunjika fundi wa kuchomelea huiunga. Alumini haimkubali kila fundi. Kagua kwanza kama fremu yako ina matundu ya bolti karibu na ekseli. Kama haina, zipo keria zinazofungwa kwenye ekseli yenyewe. Kwenye mabegi, tafuta yenye mdomo wa kuviringisha, maana zipu ndiyo huanza kupitisha maji. Jozi ya Ortlieb Back-Roller ina lita 40, na kwa mtu anayelala hemani zinatosha. Kabla hujalipa, zungusha pedali uone kama kisigino kinagonga begi. Vitu vizito vikae chini, pande zote mbili zilingane. Ukirundika kila kitu nyuma, spoku za gurudumu hilo ndizo zitakazolipa, hasa upande wa mnyororo.

Nafasi ya pili ni mabegi ya kufunga kwa mikanda: ndani ya fremu, kwenye usukani na nyuma ya kiti. Kama njia yako ni mawe na mashimo, yapandishe hadi ya kwanza, kwani hayana chuma cha kulegea. La ndani ya fremu ndilo bora, liwekee vifaa na maji. La kiti huyumba likijazwa vizito; hilo ni la nguo. Kero ya mabegi haya ni kufungua na kufunga mikanda kila jioni, na mikanda huchubua rangi, hivyo bandika utepe kwanza.

Tela ni la tatu. Halielemei fremu na linameza mzigo mkubwa, ila ni tairi jingine la kupata pancha, na kulipakia kwenye basi ni ugomvi na kondakta.

Begi la mgongoni ni la mwisho kabisa. Uzito wake wote unaishia kwenye makalio na mabega. Likibidi, libebe maji tu.