Mafunzo nusu ukumbini, nusu mtandaoni: "Mtatumiwa slaidi"

Nianze na haki ya walioandaa mafunzo haya ya bajeti za miradi. Mwezeshaji anaijua bajeti ya mradi nje ndani, na kabrasha walilotutumia mapema limeandaliwa vizuri. Kwa hayo nilikuwa nawapa nyota tatu.

Ilikuwa mwezi uliopita hivi. Ukumbi uko Posta, katikati ya Dar es Salaam. Mimi nilijiunga kwa Zoom nikiwa Mbagala, wengine walikuwa mikoani. Ada ni ile ile, uwe ukumbini au nyumbani.

Asubuhi ya siku ya kwanza mtu aliyekaa nyuma akauliza swali. Tulichosikia ni mnong'ono, halafu ukumbi mzima ukaangua kicheko, halafu mwezeshaji akajibu kwa dakika kama saba: "Ndiyo maana nasema, msifanye hivyo." Tusifanye nini? Nikaandika kwenye chati: "Kaka, tunaomba urudie swali, huku halijasikika." Kimya. Wenzangu watatu wakaandika hivyo hivyo. Nikawasha maiki nikasema kwa mdomo. Mratibu akajibu hata uso hakuuleta kwenye kamera: "Dada, mliopo online vumilieni, mtatumiwa slaidi."

Slaidi! Swali la mtu wa nyuma liko kwenye slaidi ipi?

Chanzo kilikuwa wazi. Walitegemea maiki ya ndani ya laptop iliyokaa mezani mbele. Maiki hiyo humsikia vizuri aliye kama mita moja tu. Zaidi ya hapo inaokota kiyoyozi na viti vinavyoburutwa. Na ukumbi ulikuwa na mixa (mashine ya kuchanganya sauti) na maiki isiyo na waya, ila hakuna aliyeziunganisha na laptop. Toa waya kwenye mixa, upitishe kwenye kifaa cha sauti cha USB, ndipo uingie kwenye laptop. Ukichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki, sauti inaingia na nguvu kupita kiasi, inapasuka. Na kwenye laini inayokwenda Zoom, chaneli inayoleta sauti zetu sisi wa mtandaoni ishushwe hadi sifuri, la sivyo kila anayeongea anajisikia mwenyewe akirudi. Fundi hayupo? Basi mwezeshaji arudie swali kwenye maiki yake kabla ya kujibu. Ni sekunde kumi, bure kabisa.

Baada ya chai kukaanza mlio wa kutoboa masikio. Mshiriki wa ukumbini alikuwa amefungua kiungo cha Zoom kwenye simu yake, maiki na spika vyote wazi. Zoom hufuta mwangwi wa kifaa kile kile ilichomo, haiwezi kufuta wa simu ya jirani. Dawa ni kila aliyemo ukumbini ajiunge bila sauti, kifaa kimoja tu kibebe sauti. Wao walifanya nini? Wakazima sauti zetu kwenye spika za ukumbi! Tangu hapo hadi chakula cha mchana tuliongea peke yetu.

Mchana wakatutupa watu kumi na wawili kwenye chumba kimoja cha vikundi (chumba cha pembeni ndani ya Zoom), dakika kumi, bila swali lililoandikwa. Ukiwa humo, chati ya chumba kikuu huenda usiione, kwa hiyo kazi inabidi iwe kwenye waraka ambao watu wameshaufungua kabla ya kugawanywa. Na kikundi ni watu wanne, wakizidi hapo wawili wanaongea, waliobaki wanasubiri muda uishe. Tuliporudi mratibu akatangaza: "Watu wa online hawachangii." Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Watu wanazima kamera kwa sababu video inamaliza bando, si kwa uvivu! Mwulize wa mtandaoni kwanza, kwa jina, umpe muda wa kuandika, kisha ndipo ugeukie ukumbi. Mweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma chati tu.

Nyota tatu nazifuta. Moja, na hiyo ni ya kabrasha.

Kwa atakayekaa ukumbini kabisa, nenda, utajifunza. Wa mtandaoni, kabla hujatuma hela waulize nani atakaa kwenye chati siku nzima na sauti ya ukumbi inaingiaje kwenye laptop. Wakikwambia mtatumiwa slaidi, usilipe. Mimi nimewaandikia nikidai nusu ya ada, na bado nasubiri jibu.