Cochrane Library kwa wanaoandika sera za afya ya jamii na elimu: nyota 4 kati ya 5

Hii maktaba ya mtandaoni naitumia sana na inaniuma nikiona watu wa sera wanaipita wakidhani ni ya madaktari tu. Tangu 1993 Cochrane, shirika la watafiti wa afya lenye hii maktaba, wanafanya kazi moja ngumu, wanachukua swali, wanasaka majaribio yote yanayolihusu, wanapima lipi limefanywa vizuri na lipi hovyo, afu wanakwambia yakiwekwa pamoja yanasema nini, na hayo ndo yanaitwa mapitio. Bila hivyo unagugo, unakuta utafiti mmoja unaokubaliana na wewe, unaunukuu, kesho mwenzako analeta wa kwake unaosema kinyume na mnabaki kubishana tu.

Mfano wangu mkubwa ni kugawa dawa za minyoo kwa watoto wote shuleni. Utafiti wa wachumi Miguel na Kremer wa 2004, shule 75 za Busia nchini Kenya, ulisema utoro ulipungua kwa robo, na umetumika sana kutetea huo mpango. Sasa fungua mapitio ya Cochrane ya 2019, majaribio 51, moja peke yake lina watoto zaidi ya milioni, na wao wanasema kugawa kwa wote hakuonekani kuongeza urefu, wingi wa damu wala ufaulu darasani. Wachumi wakaja juu, eti mmechanganya sehemu zenye minyoo mingi na zenye michache, na faida ya miaka mingi baadaye mmeiacha nje. Mi naona hoja yao ina uzito, na hapo ndo naipenda hii maktaba zaidi, maana kila jaribio limewekwa wazi, limepewa uzito gani, lipi limekataliwa na kwa sababu ipi, yaani ukitaka kuwapinga unawapinga kwa ushahidi waliokupa wenyewe.

Jambo jingine, kila jibu lina kiwango cha uhakika: juu, wastani, chini, chini sana. Tafadhali msilinukuu jibu mkaacha kiwango chake!! Mapitio ya 2010 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii yana tafiti 82 na yanasema kwa uhakika wa wastani kwamba wanasaidia chanjo na unyonyeshaji kupanda, hiyo ni tofauti kabisa na kusema imethibitishwa.

Sasa kasoro. Kuhuisha mapitio kunachukua muda mno, hayo ya 2010 bado yananukuliwa kila mahali wakati mambo mengi yamebadilika. Pia yanakwambia kitu kinafanya kazi au la, ila ukitaka kujua mhudumu asimamiwe na nani au alipwe vipi utahangaika. Elimu yenyewe ni kidogo sana humu, kwa hiyo nenda Campbell, ndugu zao walioanza 2000, wana mapitio ya elimu na ustawi wa jamii na yote ni bure.

Kuhusu malipo, muhtasari wa lugha rahisi ni bure popote ulipo, mapitio kamili mapya kuna nchi yamefungwa ila mengi yanafunguka baada ya miezi 12. Ukiwa na haraka nenda kwenye jedwali la muhtasari wa matokeo, afu shuka hadi orodha ya tafiti zilizokataliwa uangalie kama ule unaoutegemea wewe haumo. Nyota ya 5 nitawapa siku wakianza kuhuisha yale ya zamani mapema.