Soksi ya kubana paja: joto inalo, kukaa mahali pake haiwezi

Nilichanika msuli wa nyuma ya paja nikiukimbilia mpira uliokuwa unatoka nje, nikainunua soksi hii siku ya tatu. Joto lake nalipenda, tena unajisikia kama paja limeshikiliwa. Ila lastiki ya juu hujikunja kila ukichuchumaa, na ukitoka jasho dakika 20 tu, imeshateremka hadi gotini. Kero tupu! Kilichonirudisha uwanjani wiki ya sita ni mazoezi: napiga magoti, mwenzangu ananishika vifundo vya miguu, najishusha mbele polepole mpaka msuli utetemeke. Soksi bado naivaa nikipasha misuli moto. Zikifika mbio za kasi naivua. Nyota tatu, na ya tatu ni ya huruma.