Umeagiza gari Japani: ufunge nini kwanza, nini kisubiri

Gari likishatoka bandarini, iwe Dar au Mombasa, mafundi watakuzunguka na orodha ndefu: alamu, traka, kamera, taa za rangi, starti ya kubonyeza. Ukikubali vyote kwa mkupuo, hata hela ya bima itaishia hapo. Mimi navipanga kwa kigezo kimoja tu: ni kipi kinazuia hasara inayowakuta watu kweli. Kwa IST, Vitz au Noah inayolala nje, mara nyingi mwizi hana haja na gari zima. Anataka vioo vya pembeni, taa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote: kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa, kisha kuvibana. Kioo cha pembeni kimeshikwa na vibanio vya plastiki tu, mtu anakichomoa kwa vidole huku anapita. Chenye namba iliyochorwa ni kigumu kukiuza, na mwizi analijua hilo. Mwambie fundi aichore ndani kidogo, isikae ukingoni kabisa ambako inaweza kukatwa, halafu aongeze vibano vya chuma bila kutoboa nyaya za mota ya kioo. Kontroli boksi ijengewe ngao ya chuma yenye bolti. Kama ngao itachomelewa ikiwa garini, simama hapohapo uhakikishe nyaya za betri zimefunguliwa kwanza. Umeme wa kuchomelea unaweza kuiua kontroli boksi uliyokuja kuilinda.

Namba mbili ni swichi ya siri. Ulaya ililazimisha magari mapya yawe na kizuizi cha injini, kinachodai ufunguo wenye chipu yake, tangu 1998. Lakini magari mengi madogo ya Japani ya miaka ya 2000 yalitoka kiwandani bila kitu hicho, na yanawaka kwa ufunguo wowote uliochongwa vizuri. Swichi ya siri inaziba pengo hilo. Napendelea ikate rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta kuliko kukata starta. Gari litawaka kwa presha iliyobaki kwenye mpira wa mafuta, litasogea kidogo, kisha litazima katikati ya barabara. Mwizi ataona amepata gari bovu, na hatakaa hapo kulitengeneza.

Ila kazi iwe safi. Nyaya ziunganishwe kwa risasi, zisisokotwe tu na kuzungushiwa gundi nyeusi, na pawe na fyuzi yake. Usikubali iwekwe chini ya usukani, maana kila fundi huiweka hapo na kila mwizi huanza kupapasa hapo. Vijana wa kuosha magari nao hawahitaji kuijua.

Namba tatu ni traka ya GPS. Naiweka hapa kwa sababu haizuii wizi, inakuambia gari limeelekea wapi baada ya kuondoka. Kwa gari unalomkabidhi dereva, bodaboda ya mkataba au bajaji, ipandishe hadi namba moja. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Laini ya simu iliyo ndani imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni la fundi, siku mkikosana unapoteza kifaa. Je, ina betri yake ya akiba, iendelee kutuma ikikatwa umeme? Na ile amri ya kuzima injini kwa simu inafanyaje kazi? Traka nzuri husubiri gari lipunguze mwendo sana ndipo ikate. Ikikata gari likiwa mbio, usukani unakuwa mzito na breki zinakosa msaada, na anayeumia anaweza kuwa mpita njia.

Badilisha pia nywila ya kiwandani siku hiyohiyo. Mwaka 2022 BitSight, kampuni ya usalama wa mitandao, ilitangaza kasoro kubwa kwenye traka za kampuni ya MiCODUS, mojawapo ikiwa nywila ile ile, 123456, kuachwa kwenye vifaa vingi. Anayeijua nywila yako anajua unakolala.

Kamera ya dashibodi ni namba nne. Inasaidia pale mtu anapokugonga kwa nyuma halafu anageuza maneno. Kwa joto letu chagua yenye kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme, badala ya betri ya lithiamu, maana gari lililofungwa juani saa saba mchana huvimbisha betri. Memori kadi iwe ya kurekodi muda mrefu, ile ya simu huchoka upesi bila kukuambia. Kamera ya nyuma inafuata. Kwenye nyumba yenye watoto wanaocheza uani ningeipandisha juu ya ya mbele bila kusita.

Vya kuacha? Alamu ya kelele peke yake: mtaani ikilia mara tatu kwa sababu ya paka, ya nne hakuna anayechungulia. Starti ya kubonyeza inayoongezwa na fundi wa mtaani nayo iache, kwani mara nyingi ili ifanye kazi ile chipu ya ufunguo lazima ikwepwe. Na rimoti yoyote ile, ukifunga vuta kitasa kabla ya kuondoka. Kuna vifaa vinavyoziba mawimbi ya rimoti, unabonyeza na mlango unabaki wazi.

Kabla ya yote hayo, fanya ukaguzi usiouzwa na fundi yeyote. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yana eabegi (mifuko ya hewa ya kukulinda kwenye ajali) za kampuni ya Takata, ambazo magari yaliitwa kwa mamilioni duniani ili zibadilishwe. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na eabegi ikifumuka hurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa inayoiharibu ndiyo hii ya pwani. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama gari lako limo na kama lilirekebishwa kabla ya kusafirishwa. Tazama na matairi: tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT, iliyo ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi hilo limezeeka hata kama kashata zake bado zimesimama.

Redio iwe ya mwisho kabisa. Za Japani kwenye FM zinaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Kuna kifaa kidogo cha kuunga kwenye waya wa antena kinachoshusha mawimbi. Cha megahezi 20 kitakuletea stesheni ya 100 kwenye 80.